Nimestaafu, nataka kuhama Michenzani nikaishi pwani Pemba. Waliotangulia nipeni uzoefu

NesiMstaafu (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau.

Mwezi wa sita nimetimiza miaka 60 na nimestaafu unesi, miaka 34, mingi yake wodi ya wazazi. Mume wangu alikuwa maalim wa skuli, yeye alistaafu mwaka jana. Tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Lifti hakuna, ngazi ziko 68. Idadi naijua kwa sababu goti langu la kushoto linazihesabu kila siku. Nikirudi Darajani na kapu la samaki napumzika mara tatu, na ile ya tatu ni mlangoni kwa jirani ambaye siku hizi ananiwekea kiti nje kabisa, hata haniulizi.

Marehemu baba alituachia kiwanja Pemba, upande wa Wambaa. Ukipita minazi ya nyuma unaikuta bahari. Tuko watano, wanaume wawili, na mama naye keshatangulia. Tulikuwa tukipelekwa huko skuli zikifungwa, na ninachokikumbuka si mchanga wala kuogelea, ni usingizi. Nililala pale usingizi ambao sijaupata tena tangu niolewe.

Sasa kiinua mgongo kimeingia na nakiogopa hata kukitazama. Watoto wangu wawili, mmoja Muscat mmoja Dar, wanasema kwa kauli moja: mama usiende kujizika. Mume wangu hajakataa wala hajakubali. Kila nikimuuliza anajibu "tutaona", na mwenye mume anajua "tutaona" ni nini.

Waliohamia pwani uzeeni, Pemba au hata Unguja mashamba, nipeni yenu. Picha za jua likizama ninazo za kutosha kwenye simu. Nataka kujua maji, umeme, dawa, majirani, na kama mtu wa umri huu anaweza kuanza kujenga asife kabla ya kuezeka.

PwezaWaJuzi

Hongera Bi Nesi, kustaafu ukiwa unatembea kwa miguu yako ni neema. Lakini Pemba? Kule saa mbili usiku hata paka keshalala. Ngoja nitandike mkeka, waje wenye nayo.

MzeeWaBandarini

Bibie, mimi nilifanya hilo hilo 2017, ila Jambiani. Nitakusimulia kwa kirefu maana ada yake nimeilipa mwenyewe.

Nyumba yangu ilikuwa mbele kabisa, hatua arubaini mpaka mchangani. Siku ya kwanza mzee mmoja wa pale alikuja kunisalimia, akatazama, akaniuliza, "Mbona umejenga chumbani kwa bahari?" Nikacheka. Mwaka wa kwanza ulikuwa raha tupu. Mwaka wa pili kitasa cha mlango wa mbele kikagoma, tukakivunja, ndani hamna chuma, mna unga mwekundu. Zikafuata bawaba. Ikafuata friji, imetoboka mgongoni kama imeliwa na mchwa. Mwaka wa nne baraza likaanza kupasuka mistari mirefu kwa chini: nondo zimevimba kwa kutu na zinatafuta pa kutokea. Nikakumbuka yule mzee.

Na hiyo bahari yenyewe. Upande wa mashariki maji yakitoka yanakwenda mbali hasa, mchana kutwa unatazama vigingi vya mwani na akina mama wameinama. Vizuri kutazama, sikatai, huko kwetu na Paje ndiko ulikoanza kulimwa kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Lakini ule mlio wa mawimbi unaoutaka kichwani mwako unabaki mstari mweupe kule kwenye mwamba. Unachokisikia ni kaskazi likivuma linakuletea ngoma za Paje mpaka kwenye mto wa kulalia. Kusi likigeuka unapumua.

2022 nikauza, nikavuka barabara. Sasa bahari nikiitaka naifuata kwa miguu, dakika kumi. Kitasa changu hiki bado kinafunguka.

FundiChokaa

Mzee kasema kweli, ila kamlaumu bahari peke yake. Nusu ya kesi ni ya fundi wake.

Nyumba ya pwani inaoza kuanzia siku inapochanganywa zege. Watu wanachota mchanga wa ufukweni kwa sababu uko karibu na wa kununua una kibali, una gari, una gharama. Mchanga ule una chumvi ndani, na maji ya kisima cha munyu nayo yana chumvi, kwa hiyo kutu umeitia mwenyewe kwa koleo. Bi Nesi, mchanga nunua wa shamba, wenye kibali. Maji ya kuchanganyia yawe baridi, yasiyo na chumvi, hata kama ni ya kubeba kwa madumu. Nondo zifunikwe zege inchi mbili kamili, na mafundi wetu ukigeuka wanafunika moja. Simama pale pale. Beba kiti ukae.

Kuta ungenisikiliza ningekwambia mawe na chokaa kama walivyojenga wazee, zinapumua, unyevu unaingia na unatoka. Ukizisiliba saruji juu ya chokaa unyevu unanasa ndani na rangi inabambuka kila mwaka. Madirisha yatazamane, la kusi na la kaskazi, upepo upite ndani, feni utaiwasha kwa nadra. Paa la makuti ni baridi na zuri, lakini ni deni: baada ya miaka michache unaezeka upya, na waezekaji wazuri wanazidi kupungua. Bati lina joto na mvua ya masika ikilipiga hamsikilizani. Mimi mzee mwenye goti namwekea bati, halafu dari.

Na ujenge kwa miaka 80, si kwa 60. Mlango wa choo upite kiti cha magurudumu. Choo ndani.

NesiMstaafu

Allah akulipe Fundi. Maalim alikuwa anasoma begani kwangu, ulipofika kwenye madirisha akaenda kutafuta rula. Sijui ndiyo "tutaona" imekwisha au vipi.

BintiChake

Bi Nesi, kabla hujamwita fundi, waite kaka zako. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa na hakuna anayelisema mbele za watu.

Unasema baba "alituachia" kiwanja. Mirathi imegawiwa? Kama haijagawiwa, hicho si chako, ni chenu. Wanaume wawili na wanawake watatu ni mafungu saba, la kwako moja. Moja katika saba ya kiwanja cha pwani linaweza likawa kipande cha mbele au kipande cha nyuma chenye kisima, na kila ndugu amekwisha kujichagulia chake moyoni. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mgawane kwa maandishi. Mkienda wote wazima na mnaongea, ni jambo la kutia saini. Mkichelewa mpaka mmoja afe, mtakaa na watoto wake, na watoto wa marehemu hawana haya kama baba yao.

Pili, miti. Huko mjini mmesahau, huku ardhi na mti ni vitu viwili. Kisheria ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais, wewe unapewa haki ya kuitumia. Ndivyo inavyosema sheria ya 1992. Lakini mnazi ni wa aliyeupanda, na mkarafuu vile vile. Hiyo minazi uliyoipita ukienda baharini, uliza kwa jina: ni ya nani? Shoga yangu alikata minazi miwili kutengeneza njia ya gari, kumbe ya ami yake. Hawajaamkiana mpaka leo, na wanasali msikiti mmoja.

Sheha umwone mapema, usimngoje akuone yeye. Barua utazihitaji.

MtuWaBara

Wakuu samahani nachomekea. Mimi ni wa Morogoro, nimefanya kazi Unguja miaka mingi na nimepapenda. Nikistaafu naweza kupata kiwanja kama huyu mama?

BintiChake

Kaka, kwa jina lako, hapana. Haki hiyo ya kutumia ardhi anapewa Mzanzibari. Asiye Mzanzibari, awe wa Morogoro au wa Ulaya, anakodishiwa kwa njia ya uwekezaji. Nyumba ya kupanga kijijini unapata bila ya tabu, na watakuita jina jipya kabla wiki haijaisha. Ukiambiwa na dalali kuwa "tutaandika jina la rafiki yangu", kimbia na viatu mkononi.

NikoFlorida

Bi Nesi nakuonea wivu. Mimi ni wa Wete, kazi yangu ni kuhudumia wazee huku Marekani. Kuna vijiji vizima vya wastaafu, jua mwaka mzima, nyasi zimekatwa sawasawa kama zulia, kila mtu na kigari chake kidogo cha umeme. Sheria yao ya 1995 inaruhusu kijiji kuwa cha watu wa miaka 55 kwenda juu, mradi angalau nyumba 80 katika kila 100 zinazokaliwa awemo mtu wa umri huo. Mtoto haishi humo. Pengi wajukuu wanakuja kutembea kwa siku za kuhesabu, zikiisha warudi kwao.

Kuna usafi, nesi yuko karibu, njia zina taa, ngazi hakuna. Mpaka hapo wametushinda. Lakini ninayemhudumia mimi, bibi wa miaka 84, kila jioni ananiomba nimsogeze dirishani linalotazama barabara kubwa. Nilimuuliza anatazama nini. Akasema basi la skuli linapita saa tisa na nusu.

Mnaonaje tukijenga kitu kama hicho kwetu, cha kulipia, ila watoto waruhusiwe?

PwezaWaJuzi

Kwetu ukitaja "nyumba ya wazee" mtu anafikiri Sebleni, Welezo au Limbani, na anafikiri umetupwa. Mama yangu nikimtajia tu atanifungia mlango.

MzeeWaBandarini

Na huko Sebleni watu wanakula, wanatibiwa, wanacheza karata. Nimemtembelea rafiki yangu, hana mtoto, hana ndugu aliye hai. Serikali inamtunza. Anayeona haya ni nani, yeye au sisi?

KakaWaMkoani

Mnazungumza vitasa na minazi. Ngoja niseme la dawa, na samahani kama nitakuwa mkali.

Mama yangu alirudi kijijini kama unavyotaka wewe, alikuwa na miaka 66, mwenye presha. Usiku wa kuamkia Idi mdomo ukaenda upande. Mimi niko Unguja. Jirani akanipigia saa saba usiku. Mwenye gari pale kijijini alikuwa amezima simu, wa pili gari lake halina mafuta. Wakampakia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu wanayobebea makonyo ya karafuu, wamemlalia kwa huku na huku asianguke. Spitali waliyofika, sitaitaja, aliyekuwepo zamu alikuwa mmoja na wagonjwa walikuwa wengi. Mimi boti hakuna usiku, nikangoja ndege ya asubuhi, na ya asubuhi imejaa watu wa Idi. Nilifika adhuhuri. Mama alikuwa hai na yuko hai, Alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia umekufa na maneno yanamtoka nusu.

Baadaye ndipo nikagundua vidonge vya presha vilikuwa vimemwishia siku kumi nyuma. Hakutaka kunisumbua kwa sababu ya Idi.

Bi Nesi, wewe haya unayajua kuliko mimi. Wambaa una bahati, Mkoani si mbali, na hiyo hospitali ya Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016. Pemba imesogea. Lakini usihesabu kilomita, hesabu gari. Kabla hujaweka jiwe la msingi, pata namba tatu za watu wenye magari na uwape kitu kidogo kila mwezi hata kama hujaumwa. Na dawa za miezi mitatu ziwe kabatini.

NesiMstaafu

Kaka yangu, pole sana kwa mama. Huo mkono ufanyishwe mazoezi kila siku, asubuhi na jioni, hata ukiuona hausikii. Kidole kimoja kimoja, kukunja na kukunjua, halafu kiwiko, halafu bega, mwenyewe autazame mkono wake unapofanya. Usimwachie mtu wa kuja mara moja kwa wiki, mfundishe aliye naye nyumbani.

Nimelala usiku mmoja na bandiko lako. Mimi nina presha, Maalim ana sukari.

MjukuuWaMvuvi

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni kijana wa pwani, miaka 27, kijiji sitakitaja, kipo Pemba. Naomba niseme upande wetu sisi mnaotuhamia.

Kuna mzee wa mjini alikuja kujenga kwetu. Mtu mzuri, mstaarabu, salamu anaitikia. Akazungushia ukuta wa matofali, juu vigae vya chupa. Ukuta ukafunga njia iliyopita pale tangu enzi za bibi zangu, njia ya akina mama kwenda chini kuokota chaza maji yakiwa ya bamvu. Karatasi zake zote sahihi, njia haikuwemo kwenye ramani. Akina mama wakawa wanazunguka, robo saa kwenda, robo saa kurudi, na kapu kichwani. Hakuna aliyemwambia neno. Watu wa kwetu hawasemi.

Mwaka ule alifiwa na mkewe. Watu walikwenda kuzika, maiti ni haki ya kila Muislamu. Lakini lile turubai la wanawake, la kukaa siku tatu, kupika, kusoma, lilikuwa na watu wanane. Nimewahesabu mimi niliyepeleka viti. Kwetu msiba wa mtu wa kawaida unapeleka viti mpaka unaazima kijiji cha pili.

Baada ya arubaini akavunja kipande cha ukuta, akaweka mlango wa mbao usio na kufuli. Nani alimwambia sijui.

FundiChokaa

Dogo umenikalisha chini. Mimi ndiye huwa najenga hizo kuta.

MtuWaBara

Uzi huu utunzwe. Na pesa ya kila mwezi je, mnaishije?

MzeeWaBandarini

Pencheni yangu inatoka mfuko wa jamii, inatosha mchele, umeme na dawa. Samaki nanunua pwani asubuhi, bei inategemea umeamka saa ngapi na umemsalimia nani. Ukifika 70 iko Pencheni Jamii ya serikali, hiyo hata ambaye hakuajiriwa anapata, ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa. Haijengi nyumba, lakini usimcheke bibi anayeipokea. Kinachomaliza pesa kijijini ni nauli za kuja mjini na michango ya harusi. Michango ya harusi hasa.

PwezaWaJuzi

Bi Nesi kimya. Mrejesho uko wapi?

NesiMstaafu: MREJESHO

Samahanini kwa kupotea, ni miezi minane. Sikujenga. Kabla ya kujenga tulikwenda kukaa. Mtoto wa ami yangu yuko Oman, nyumba yake Wambaa ilikuwa imefungwa, tukakaa kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wiki iliyopita. Nakuandikieni kutoka ghorofa ya nne, tumekuja kuchukua vitu.

Kwenda tulikwenda na boti. Mkondo wa Nungwi ulimtapisha Maalim mpaka akatoa shahada. Kufika Mkoani akasema hapandi tena chombo cha majini, nikamwambia basi umehama rasmi.

Wiki ya kwanza sikulala. Kile kimya changu cha utotoni hakipo, au nilikuwa na masikio mengine. Jogoo wanaanza saa tisa. Ndipo wakati wa maembe, na popo wa Pemba, wale wakubwa kama kuku, wanagombana juu ya mwembe usiku kucha kama watu kwenye foleni. Sasa simu inashika vizuri sehemu moja tu, chini ya mwembe huo huo. Umeme wa tukuza, huu wa kulipia kabla, ukiisha usiku inabidi nitoke na khanga kichwani nikanunue kwa simu, na huku kokwa za maembe zinanidondokea. Moja ilinipiga kwenye tarakimu ya kumi na saba, nikaanza upya.

Maji: kisima cha nyumbani kilikuwa kitamu mpaka katikati ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili, jua kali, mvua hakuna, chai ikaanza kuwa na munyu. Maalim akadhani nimekosea chumvi na sukari. Tukawa tunateka kisima cha msikitini, kijana analeta dumu nne kwa baskeli. Tangi la mvua sasa nimeliandika juu kabisa ya karatasi, kabla ya nyumba.

Kuhusu kustaafu, msinicheke. Nilichukua kipima presha changu kwa ajili yetu wawili. Siku ya pili jirani aliniona nampima Maalim barazani. Siku ya tatu akaja na dada yake. Wiki ya pili ninaamka baada ya alfajiri kuna watu sita kwenye benchi, mmoja kaja na mbuzi, akimaliza anaendelea naye. Niliyemkuta na presha ya kutisha alikuwa mwanamke wa miaka 38 aliyesema anaumwa kichwa cha jua tu. Nikampeleka Mkoani mwenyewe, na gari ilikuja kwa dakika ishirini kwa sababu ya zile namba tatu. KakaWaMkoani, nilikuombea dua ndani ya gari. Watoto wananiita Bi Dakta, nimechoka kuwasahihisha. Sikustaafu, nimehamishwa kituo.

Wiki ya tatu alifariki bibi mmoja. Walikuja kuniita kuosha, nikaenda, nimeosha wengi. Tulikuwa wanne, mmoja hakusema neno mpaka tunamaliza, halafu akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani hasa?" Nikamtajia baba, nikamtajia bibi yangu mzaa baba. Akaninyooshea kidole: "Bibi yako alinizalisha." Tangu siku ile mabakuli yalianza. Leo muhogo wa nazi, kesho samaki wa kukaanga, keshokutwa mkate wa kumimina. Na mnajua bakuli halirudi tupu, kwa hiyo nimepika wiki zile kuliko miaka kumi ya Michenzani. Kabati langu sasa lina mabakuli ya watu saba, nimeyaandika majina kwa plasta.

Mirathi. BintiChake, nilifanya ulivyosema. Tulikaa ndugu watano, tukaenda Wakfu, mafungu saba. La mbele, la baharini, limekwenda kwa kaka mkubwa. Langu ni la nyuma, karibu na barabara, lenye minazi mitatu ya ami katikati. Nililia, sitawaficha. Nililia chooni Maalim asinisikie. Kisha nikarudi kusoma kitasa cha MzeeWaBandarini, nikanawa uso. Ami mwenyewe yuko hai, ana miaka 91, nikamwendea kumwomba minazi. Akasema mmoja nikate, miwili "inangoja mahari ya mjukuu wangu". Nyumba sasa imechorwa kwa kupinda, inaikwepa hiyo miwili. Ukiitazama kwenye karatasi kama imelewa. Ukuta haumo.

Maalim ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atakufa kwa kukosa dhumna na kahawa yake ya jioni mjini. Mwezi wa kwanza alikuwa analalamika kweli, kahawa ya kule nyepesi, wachezaji wazembe. Mwezi wa pili akawa anarudi barazani usiku, ndara mkononi nisisikie. Jana tulipanda hizi ngazi 68, alipumzika mara mbili, yeye ambaye hana goti. Nikamuuliza tumpangishe mtu nyumba hii au tuiache tuwe tunarudi rudi. Akajibu "tutaona".

Jirani wa kiti nimempa habari. Hakusema kitu, ameingiza kiti ndani, halafu baada ya muda akakitoa tena akakaa mwenyewe. Namchukua mwezi wa saba aje akae nasi wiki mbili, aone popo.

Mwanangu wa Muscat alikuja siku tisa. Siku ya kwanza alilala mpaka adhuhuri, nikaenda kumtazama kama anapumua.

Fundi, masika yananyemelea, huku hakujengeki sasa. Unaweza kuvuka ukija mwezi wa sita? Vyumba viwili, choo ndani, madirisha yatazamane, tangi. Mbele weka ngazi moja tu, maji ya mvua yasiingie.

FundiChokaa

Nitakuja. Ngazi hakuna hata moja, Bi Nesi, nitakuwekea mteremko, na mfereji pembeni wa maji. Hiyo minazi miwili nipigie picha, mwambie Maalim asimame katikati na rula yake nijue upana.